Sura Ambayo Baba Aliiruka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa nyumba hii ya uchapishaji pamoja na wajumbe wa bodi yako, Mhariri Mkuu, ambaye leo nitakusema kidogo na naomba radhi mapema, ndugu waandishi, wachoraji, wapiga chapa na wauza vitabu, walimu wetu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wanafunzi mlioketi kule nyuma, ambao kwa haki mngeketi hapa mbele, kwa kuwa bila ninyi hakuna hata mmoja wetu ambaye angekuwa na sababu ya kuvaa vizuri leo. Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu kwa jina alilopewa na mama yake.

Mimi si mwandishi. Mimi ni mpima macho. Kazi yangu ni kumkalisha mtu kwenye kiti, kumwonyesha herufi ukutani, na kumuuliza ni ipi anayoiona na ipi anayoikisia. Nimesimama hapa kwa sababu moja tu: mama huyu tunayemuaga leo kwa kustaafu ni mama yangu. Aliomba aisome hotuba hii kabla sijaitoa, nami nikamkatalia. Kwa hiyo, Mkurugenzi, yawezekana haya ndiyo maneno ya kwanza kusikika ndani ya jengo hili bila yeye kuyapitia kwa kalamu nyekundu. Mkisikia kosa, mjue ni la familia.

Wengi wenu mnamjua kama msomaji prufu, yule anayesoma kazi za watu wengine kabla hazijapigwa chapa, akiwinda koma iliyopotea na herufi iliyoruka. Lakini watoto wanamjua kwa jina jingine. Wanamwita Mama Sura. Jina hilo lilianzia kwenye ngazi za jengo tulilokuwa tukikaa. Mama alikuwa akiamka alfajiri, anaandika riwaya zake mezani jikoni mpaka saa ya kwenda kazini, na jioni akirudi huketi kwenye ngazi za ghorofa yetu na kuwasomea watoto wa jengo zima alichoandika. Kila akifunga karatasi zake walikuwa wakimuuliza swali lile lile, "Mama, sura inayofuata lini?" Hata mlinzi wa getini alikuwa akiuliza, ingawa alijidai anakuja kukagua taa.

Alikuwa akisoma kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa kwa watoto. Mtoto akianza kuchezea kamba ya kandambili, mama aliweka alama ndogo ya penseli pembeni mwa ukurasa, na kesho yake maneno ya pale penye alama yalikuwa yamekatwa. Nilimuuliza kwa nini hawasomei watu wazima, wenye elimu, wamshauri. Akaniambia, "Mtu mzima atatikisa kichwa kwa adabu huku anawaza nguo alizoanika. Mtoto akichoka, anachoka mbele yako."

Sasa niruhusuni niwasimulie habari ya kitabu kimoja tu kati ya vitabu vyake. Mama anaijua, na kuisimulia ameniruhusu.

Nilipokuwa darasa la tano, baba yangu aliondoka. Hakufa, hakufungwa, wala hakuhamishwa kikazi. Aliondoka tu, na baadaye tukasikia kwamba ana nyumba nyingine katika mji mwingine. Alichukua nguo zake zote, akasahau jozi moja ya viatu nyuma ya mlango. Basi mimi, kila Jumamosi asubuhi, nilikuwa nikivitoa viatu vile kwenye roshani, navipangusa vumbi, navipaka dawa, navisugua kwa kipande cha fulana kuukuu mpaka vinang'aa, halafu navirudisha nyuma ya mlango, ncha zimetazama ukutani kama alivyoviacha. Kwa nini? Nilijiambia kwamba siku akirudi asije akakosa cha kuvaa. Sikumwambia mtu. Mama naye hakusema neno. Lakini kopo la dawa ya viatu halikuisha hata mara moja, na mimi katika utoto wangu sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa akinunua jingine.

Katika miaka hiyo mama aliandika riwaya yake ya tatu. Ni habari ya msichana ambaye baba yake ameondoka nyumbani. Mhariri Mkuu, wakati huo hukuwa Mkuu, ulikuwa mhariri tu, kijana mwenye nywele nyingi. Ulimwita mama ofisini kwako, ukamwambia kazi ni nzuri ila mwisho wake ni mchungu. Ulitaka baba arudi. Ulisema, "Ni watoto hawa. Waache wafurahi." Mama akakujibu, "Akirudi, yule mtoto ambaye wake hajarudi atafunga kitabu na kusema hata vitabu vimemkataa."

Mlivutana sana. Mswada ulilala kwenye kabati lako, na mama akawa anapita mbele ya mlango wako kila siku, anakuamkia vizuri, anaendelea na safari yake. Wewe mwenyewe ndiye uliyetusimulia kilichotokea baadaye. Ulimchukua mwanao wa kiume, wakati huo ana miaka kumi na miwili, ukamsomea miisho yote miwili, wako na wa mama, bila kumwambia upi ni wa nani. Mtoto akasema wa mama ndio mwisho, na wako unafanana na tangazo la sabuni. Asubuhi ulikuja kwenye meza ya mama, ukaweka mswada, ukasema, "Tuache ulivyoandika." Ndugu zangu, ni wakubwa wangapi wa ofisi wanaokubali kushindwa na mtoto wao wenyewe, tena wakaja kazini kulisema jambo hilo kwa mdomo wao? Kwa hilo peke yake, Mhariri Mkuu, nimekusamehe mwisho wako.

Kitabu kikatoka. Mwaka uliofuata nikaingia sekondari, na siku moja mwalimu wa lugha akaja darasani amebeba nakala mikononi mpaka kidevuni. Niliona jina la mama kwenye jalada, nikajisikia fahari kubwa. Karibu kitabu chote nilikuwa nimeshakisikia kwenye ngazi. Sura ya tisa sikuwa nimeisikia. Hiyo mama hakuisoma ngazini.

Mwalimu aliisoma kwa sauti, taratibu, huku akitembea katikati ya madawati. Msichana wa kitabuni akachukua viatu vya baba yake, akavipeleka roshani, Jumamosi asubuhi. Kila kitu kilikuwemo: kipande cha fulana, kutemea mate kidogo kwenye ncha ili ing'ae zaidi, ncha kutazama ukutani. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Darasa lilikuwa kimya, na mimi nikaamini kwamba kimya kile ni changu, kwamba kila mtu anajua na ananitazama kisogoni.

Kengele ilipogonga sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa mama yangu mdogo, ambaye ni msusi na ana saluni yake mitaa michache kutoka kwetu. Alinitazama na mkoba wangu wa shule, akauliza, "Umekuja kutembea au umehama?"

Nikasema, "Nimehama."

"Haya. Anayehamia hapa anafanya kazi. Shika hivyo vitana ukavioshe."

Alimpelekea mama ujumbe kwamba niko salama na kwamba aniache kwanza nipoe. Siku zikapita. Shule sikwenda, mama sikumwona, vitana vikawa safi kuliko wakati wowote katika historia ya saluni ile.

Halafu mchana mmoja, nikiwa nyuma ya pazia naosha vitana, nikasikia sauti niliyoijua. Ilikuwa ya msichana wa darasani kwetu tuliyemwita Kamusi, kwa kuwa alikuwa akisahihisha kila mtu, walimu wakiwemo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kusukia, hajui kama nipo, anamsimulia mama mdogo.

"Darasani kwetu kuna ugomvi," alisema. "Tunasoma kitabu cha msichana anayesafisha viatu vya baba yake aliyeondoka. Sasa kiranja anasema huyo ni yeye, kwa sababu kwao anatunza redio ya baba yake na hataki mtu aiguse. Na kuna mvulana wa dawati la nyuma, naye anasema ni yeye, ila mwandishi kamgeuza msichana ili asitambulike. Leo wamesukumana. Na wote wamekosea."

Mama mdogo akauliza, "Kwa nini wamekosea?"

"Kwa sababu ni mimi."

"Wewe unasafisha viatu?"

"Mimi ni koti. Kila Jumapili nalianika juani lisiliwe na wadudu. Hayo ya viatu ni mabadiliko tu ya mwandishi. Ila nataka kujua nani kampelekea habari zangu."

Nilitoka nyuma ya pazia, maji yananichuruzika mpaka viwiko. Nikasema, "Ni mimi."

Kamusi aligeuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Akanitazama kwa huruma. "Wewe unasema hivyo kwa sababu mama yako ndiye kaandika."

"Ni viatu vya baba yangu. Nilikuwa navisafisha mimi, roshani kwetu."

"Una shahidi?"

Ndugu zangu, mnaiona hali yangu? Nilikuwa nimeihama nyumba ya mama yangu kwa aibu ya kujulikana, na sasa nilikuwa nimesimama katikati ya saluni nadai nijulikane, na hakuna anayenisadiki. Nilikuwa nimedhani kwamba katika dunia nzima ni mimi peke yangu ninayelinda kitu cha mtu aliyeondoka. Kumbe chumba kimoja cha darasa kilikuwa na viatu, redio, koti, na yule mvulana hakutuambia kabisa kwao ni nini. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilikasirika kwamba wananinyang'anya. Lakini chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine, kitu chepesi, na nilikuwa sijakisikia tangu baba aondoke.

Kamusi yumo humu ukumbini. Sasa ni wakili. Mpaka leo hajakubali.

Jioni ile ile mama alikuja saluni. Aliketi kwenye kiti cha wateja, mkoba wake wa kazini mapajani, bado ana wino kwenye kidole. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, nikabaki na moja tu. Nikamwambia, "Umewaambia watoto wa watu wote kabla hujaniambia mimi."

Hakujitetea kwa muda mrefu. Alisema, "Nilijaribu. Kila Jumamosi nilikuwa nasimama mlangoni, wewe umenipa mgongo, unasugua. Nikikohoa, utaacha. Sikutaka uache, na sikutaka uendelee. Nikakosa pa kuanzia."

"Ungeanza popote."

"Kweli," alisema. "Ningeanza popote. Nisamehe, mwanangu."

Mama mdogo, ambaye alikuwa anajifanya anafagia, alisema kwamba yeye saluni yake inafungwa, na kama tunataka kulia tukalilie kwetu.

Tulirudi pamoja kwa miguu. Njiani tukafanya makubaliano ambayo hayajavunjwa hadi leo: nyumbani kwetu mtu haandikwi kabla hajaambiwa. Tena, tangu siku ile, hakuna riwaya ya mama iliyofika ofisini humu kabla ya kupita mikononi mwangu. Nilikuwa msomaji mkali. Nilimwandikia pembeni, "Mama, hakuna kijana anayesema 'ole wangu.'" Nilimkatia mhusika mzima, mjomba mmoja, katika riwaya ya tano kwa sababu alikuwa haachi kutoa mawaidha. Mama alimlilia mjomba yule karibu wiki, kisha akakubali kwamba hajafa mtu.

Sasa naja kwenye jambo ambalo lilinifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Miaka mingi baadaye, mimi tayari ni mpima macho, nilipigiwa simu na mama kutoka ofisini hapa. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi. Alisema, "Ukimaliza na mgonjwa wako, njoo. Kuna binti mapokezi. Ameshika kitabu chetu, anakuulizia."

Nikauliza, "Ananiulizia kwa jina?"

"Hapana. Anauliza kama yule msichana wa viatu yupo kweli."

Nilikuja. Nilimkuta kwenye kile kiti kirefu cha pale mapokezi, binti wa sekondari, sare yake imepigwa pasi vizuri, miwani imemteremkia puani. Alisimama aliponiona, akanisimulia bila kupumzika, kama mtu aliyekuwa akilikariri jambo hilo ndani ya basi.

Alipokuwa mdogo, alisema, macho yake yalikuwa mabovu na hakuna aliyejua. Walimdhania mvivu wa kusoma. Shule ilipofunga walipewa kitabu cha likizo, na baba yake, kwa kumhurumia, akawa anamsomea kila jioni. Aliipenda hadithi ile. Hatimaye mwalimu mmoja akagundua tatizo, binti akapata miwani, na kitabu cha kwanza alichotaka kukisoma kwa macho yake mwenyewe kikawa hicho. Akasoma sura ya kwanza mpaka ya nane, kila kitu kama alivyosomewa. Akafika ya tisa, na hiyo hakuwahi kuisikia.

"Baba alikuwa anairuka," aliniambia. "Nikakumbuka kulikuwa na siku aligeuza kurasa nyingi kwa pamoja, nikamuuliza, akasema zimegandana. Nikaenda kumwuliza mama kwa nini baba ameificha sura moja. Mama akaniambia, tazama jina la mwandishi. Huyo alikuwa mke wa baba yako. Basi nikasema, kama msichana huyu yupo, ni dada yangu. Ndiyo maana nimekuja."

Ndugu wageni waalikwa, mimi hapo nilifanya ninachojua kufanya. Nilimtazama yule mtoto, nikaona paji la uso la baba yangu, na juu ya pua nikaona miwani iliyompwaya na ambayo, kwa namna alivyokuwa akikunja jicho la kushoto, haikuwa ya nguvu inayomfaa. Kwa hiyo jambo la kwanza nililomfanyia mdogo wangu katika maisha yetu ni kumpeleka kliniki kwangu na kumpima macho upya. Alisoma herufi za ukutani moja baada ya nyingine, na katikati ya mstari wa mwisho akaanza kulia, nami nikamwambia asikaze macho, na mimi mwenyewe nilikuwa sioni vizuri.

Mama alikuwa na haki ya kumpokea mtoto yule kwa baridi. Nani angemlaumu? Badala yake alimpikia, akamuuliza anasoma nini shuleni, na kabla binti hajaondoka alimwekea mbele mswada mpya na penseli. "Dada yako amekua," alimwambia, "ameanza kutikisa kichwa kwa adabu. Nisomee wewe." Tangu siku ile riwaya za mama zina wasomaji wawili nyumbani, na wa pili ni mkali kuliko wa kwanza.

Na baba? Najua mnataka kuuliza, hata wanafunzi wa kule nyuma naona wameinua shingo. Baba hakurudi. Ila tunaonana. Amezeeka, macho yamepungua nguvu, na miwani anayovaa nimempimia mimi. Mwaka jana mdogo wangu alikwenda kuketi naye, akafungua kitabu, akamwambia, "Leo nakusomea mimi." Akamsomea sura ya tisa, yote, bila kuruka mstari. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo moja tu: "Vilikuwa vya kahawia."

Ni kweli. Kitabuni ni vyeusi. Mama alibadilisha rangi ili mimi nisitambulike, na mnajua jinsi alivyofanikiwa.

Tulimpelekea mama maneno hayo. Alikuwa anamenya viazi. Alisimamisha kisu, akasema, "Kumbe anakumbuka." Akamenya kiazi kingine. Halafu akasema, "Mwambieni na yeye aandike chake."

Tulimwalika baba leo. Alishukuru, akasema ukumbi huu ni wa mama, si wake, akatutuma tumpongeze. Mama, pongezi zako ni hizo, zimefika.

Ndugu waandishi, mimi sina la kuwafundisha kuhusu kalamu. Lakini nimeketi upande wa pili wa vitabu hivi maisha yangu yote, na naomba kitu kimoja kwa niaba ya waliokaa upande huo. Mnapowaandikia watoto na vijana, msiwapunguzie. Wanaona. Wengine hawajapata miwani tu. Mtoto ambaye watu wazima wanamgeuzia kurasa kwa pamoja atakuja kukisoma kitabu mwenyewe siku moja, na ni vizuri akute kuna mtu aliyemwandikia ukweli, tena aliyeuandika vizuri, kwa upole, na kwa mzaha kidogo wa kumsaidia kupumua.

Mkurugenzi, nakushukuru kwa kumtunza mama yetu miaka yote hii. Mhariri Mkuu, nakushukuru kwa lile kabati ulilolifungua. Walimu, mnaobeba vitabu mpaka kidevuni, nawashukuru. Mama mdogo, ambaye umemsuka mama leo akapendeza hivi, nakushukuru kwa vitana.

Nawe mama, waandaaji wamekupangia kiti cha heshima pale meza kuu, chenye kitambaa na maua. Ni kizuri. Lakini mstari wa tatu, mimi na mdogo wangu tumeacha kiti cha plastiki katikati yetu, na tumewakatalia watu wengi wasikikalie. Ofisi umeimaliza. Shuka, uje uketi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, na nyote mlionitegea sikio hadi hapa, nawashukuru sana.